Farasi wote wasimame: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria zilizozima mafua ya farasi Australia 2007

Kila nikiongea na watu kuhusu magonjwa ya wanyama na sheria zake najikuta narudi kwenye mfano huu mmoja wa Australia, maana ndo mfano niliousoma kuliko yote na una kila kitu ndani, uzembe ulioingiza ugonjwa na pia sheria iliyoutoa. Maswali huwa ni yale yale, kutoka kwa wanafunzi wa mifugo, kwa ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mazizi ya farasi kule Uarabuni, na kwa watu wa punda huku nyumbani. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie kuandika kila siku.

Kwanza huu ugonjwa ni nini, ni mafua kama yetu?

Ni mafua kweli, ila ya farasi. Kirusi chake ni influenza aina ya A, kile kinachoitwa H3N8. Farasi anapanda joto, wengine mpaka nyuzi 41, anakohoa kikohozi kikavu, kamasi zinamtoka, chakula hagusi anasimama tu kainamisha kichwa. Toka aambukizwe mpaka uone dalili ni kama siku 1 mpaka 3, kwahiyo kwenye zizi ambalo halijawahi kuuona huu ugonjwa leo anakohoa mmoja, baada ya siku chache linakohoa zizi zima. Wengi wanapona. Wanaokufa ni wachache, hasa vitoto vya farasi na wale waliokuwa dhaifu toka mwanzo, na punda huwa wanaumia zaidi kuliko farasi. Ila kupona nako kunataka wiki kadhaa za kupumzika kabisa, ukimpandisha tandiko mapema unamharibu mapafu.

Kama wengi wanapona, mbona nchi nzima ilishtuka hivo?

Kwasababu Australia haikuwahi kuwa na huu ugonjwa kabla ya 2007. Ilikuwa kwenye kikundi kidogo sana cha nchi zilizokuwa salama, pamoja na New Zealand na Iceland. Maana yake hakuna farasi hata mmoja wa kule aliyekuwa na kinga, si ya kuugua zamani wala ya chanjo. Sasa weka picha ya nchi yenye mbio za farasi karibu kila siku ya wiki, mashamba ya kuzalisha, farasi wa polisi, farasi wa kuchungia ng'ombe, shule za watoto za kupanda farasi, alafu wote hao waugue kwa wakati mmoja. Hakuna anaefanya kazi, na nyuma ya kila farasi kuna mtu anaelipwa kwa siku, yule wa kuosha zizi, dereva wa trela, fundi wa viatu vya farasi.

Uliingiaje wakati walikuwa na karantini?

Hili ndo swali langu, nalijibu kwa urefu.

Kila mwaka mwezi wa nane, madume ya mbegu ya bei mbaya hupakiwa ndege kutoka Ulaya, Marekani na Japani kwenda Australia, kwasababu kule msimu wa kupandisha farasi wa mbio unafunguliwa rasmi tarehe 1 Septemba wakati huku kaskazini umeshaisha. Dume moja linafanya misimu miwili kwa mwaka. Mwanzoni mwa Agosti 2007 wakafika kama kawaida, wengine wakitokea Japani, wakapelekwa kituo cha karantini cha Eastern Creek magharibi mwa Sydney. Siku hizo hizo Japani nako mafua yalikuwa yamelipuka mpaka mbio za wikendi nzima zikafutwa.

Mpaka hapo karantini ilikuwa inafanya kazi yake, farasi mgonjwa yuko ndani ya uzio. Shida ni kwamba farasi hakai peke yake. Kuna watu wa kumlisha, kuna veti yaani daktari wa mifugo, kuna fundi wa kwato, kuna ndoo, kamba, hatamu, magari. Baadae serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Ian Callinan, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Australia, na ripoti yake ya 2008 ilisema njia yenye uwezekano mkubwa ni kwamba kirusi kilitoka kituoni na mtu au kifaa. Watu walikuwa wanaingia na kutoka bila kulazimishwa kuoga na kubadili nguo. Kanuni za usafi zilikuwepo kwenye karatasi, wa kuzisimamia getini hakuwepo.

Alafu wikendi ya katikati ya Agosti kukawa na mashindano ya kupanda farasi sehemu inaitwa Maitland, kaskazini mwa Sydney. Farasi kutoka huku na huku, wamefungwa karibu karibu, wanakunywa maji jirani, jioni kila mtu anapakia trela anarudi kwao. Siku chache baadae farasi wa kwenye mazizi ya Centennial Park katikati ya jiji wakaanza kukohoa na tarehe 24 Agosti maabara ikathibitisha. Kwahiyo siku serikali inajua, kirusi kilikuwa kimeshapanda trela na kushuka mikoani kwa karibu wiki nzima.

Ni kweli walisimamisha farasi wote wa nchi nzima?

Ndio. Tarehe 25 Agosti 2007, siku ya Jumamosi, ikatoka amri kwamba popote farasi alipo abaki hapo hapo kwa masaa 72. Na sio farasi tu, ni jamii yote, punda, nyumbu wa kuzaliwa na farasi na punda, mpaka pundamilia wa kwenye zuu. Jumamosi ni siku ya mbio, ni siku ya mashindano ya watoto, ni siku trela ziko barabarani, kwahiyo watu wengi walisikia redioni wakiwa njiani.

Kwa sheria ipi? Rais anatangaza tu?

Hapana, na hapa watu wengi wanakosea. Australia ni shirikisho, kwanza haina rais. Serikali kuu ilikuwa na Sheria ya Karantini ya 1908, hiyo inahusu zaidi mpaka wa nchi, kinachoingia bandarini na uwanja wa ndege. Ugonjwa ukishatoka nje ya uzio ukawa kwenye mazizi ya watu, mwenye rungu ni jimbo. New South Wales, jimbo ambalo Sydney iko, walikuwa na sheria yao ya magonjwa ya kigeni ya wanyama ya 1991, Queensland nao walikuwa na yao ya 1981, na kila jimbo lina mganga mkuu wa mifugo mwenye nguvu za kutangaza eneo lililozuiliwa. Kwahiyo kile kilichoonekana kama amri moja ya nchi kilikuwa ni majimbo yote kutoa amri zao kwa pamoja.

Waliwezaje kukubaliana haraka hivo? Walikuwa wameshaandika mpango kabla, unaitwa AUSVETPLAN, kila ugonjwa mkubwa una kitabu chake kinachosema nani anafanya nini, na mafua ya farasi yalikuwa na chake hata kabla hayajafika. Mimi hiki ndo kitu ninachokionea wivu. Kukubaliana wakati hakuna anaekohoa ni rahisi, jaribu kukubaliana wakati kila mtu ana farasi wake kwenye trela.

Masaa 72 yanasaidia nini na ugonjwa unachukua wiki?

Hayaui kirusi, yananunua muda. Ndani ya hizo siku tatu maafisa wanapiga simu, nani alienda Maitland, alirudi na farasi wangapi, njiani alisimama wapi, jirani yake ana farasi. Kama farasi bado wanatembea wakati unafuatilia basi unafukuza kivuli, ukifika shamba la kwanza wa pili ameshapokea mgeni. Baada ya zile siku tatu, New South Wales na Queensland ambako ugonjwa ulionekana waliendelea kufunga, na majimbo mengine yakaanza kulegeza taratibu huku yakizuia chochote kutoka kwenye hayo mawili. Na ilifanya kazi, mpaka unaisha ulibaki kwenye majimbo hayo mawili tu, Victoria haukuingia.

Waliokutwa mashindanoni siku hiyo ilikuaje?

Walikaa hapo hapo. Mfano unaojulikana zaidi ni Morgan Park, mji wa Warwick kule Queensland, palikuwa na mashindano makubwa na mamia ya watu na farasi. Watu walienda na nguo za wikendi moja wakakaa wiki kwa wiki wamelala kwenye malori na mahema, na ugonjwa ukapita katikati yao hapo hapo. Ukiwa mzazi pale, mtoto ana shule Jumatatu, wewe una kazi, farasi ana homa, na askari yuko getini. Naona watu hawa wanastahili kutajwa kila tunaposema sheria ilifanikiwa, maana mafanikio yenyewe yalikuwa mgongoni kwao. Wangechomoka usiku ule leo tungekuwa tunaongea mengine.

Zile kanda za rangi zilikuwa za nini?

Huwezi kufunga jimbo zima kwa namna moja kwa miezi, watu watavunja. Kwahiyo ramani ikapakwa rangi kulingana na hatari. Nyekundu ni pale ugonjwa ulipo, hapo karibu kila kitu kimefungwa, hakuna kutoka wala kuingia bila kibali. Kuna ya njano iliyoiva ikizunguka nyekundu kama ukanda wa kujikingia, ugonjwa haujaonekana lakini uko jirani. Alafu kijani ambako hatari ni ndogo zaidi, unasafirisha kwa masharti. Kila safari ya farasi ina fomu yake, anatoka wapi anaenda wapi kwanini, na mipaka ilikuwa inasogezwa kila habari mpya ikija kwahiyo ilibidi watu waangalie ramani kila siku kabla ya kufungua geti.

Alafu baadae ikaongezwa ya zambarau, na hiyo ina hadithi yake.

Ilikuwa ni ipi hiyo ya zambarau?

Rudi kwenye yale madume ya mbegu. Farasi wa mbio wanaoandikishwa rasmi hawaruhusiwi kuzalishwa kwa sindano ya mbegu, kanuni ya dunia nzima inasema lazima dume na jike wakutane wenyewe. Ng'ombe ungetuma mbegu kwenye mtungi wa baridi kazi ikaisha. Kwa farasi hawa jike lazima apande trela aende kwa dume, na msimu unafunguliwa wiki moja tu baada ya amri ya kusimama! Jike anabeba mimba miezi 11, na farasi wote wa mbio wa Australia wanahesabiwa umri kuanzia tarehe 1 Agosti, kwahiyo ukichelewa miezi miwili mtoto wako atakimbia na wenzie waliomzidi miezi miwili. Ukikosa msimu umekosa mwaka.

Bonde la Hunter, ambako mashamba makubwa ya kuzalisha yako, ugonjwa ulikuwa umeshaenea sana. Wakajiuliza, kama huku karibu kila zizi limeugua au litaugua, kuzuia mtu asitoe jike shamba hili kwenda shamba lile ndani ya eneo hilo hilo kunamkinga nani? Ndo ikaja kanda ya zambarau, eneo lenye ugonjwa mwingi ambapo farasi wanaruhusiwa kutembea ndani yake kwa masharti lakini kutoka nje yake ni marufuku kabisa. Kuna waliolalamika kwamba ni upendeleo kwa matajiri wa mbio wakati mtu wa farasi mmoja nyuma ya nyumba amefungiwa. Nawaelewa, na uchungu wao ulikuwa wa kweli, lakini kisayansi uamuzi ulisimama, uzio unawekwa pale unapozuia kitu.

Si wangechanja tu wote siku ya kwanza?

Chanjo yenyewe haikuwa nchini, na kisheria haikuruhusiwa kutumika. Nchi isiyo na ugonjwa haiitaji chanjo yake, tena inaikataa, kwasababu farasi aliyechanjwa akipimwa damu anaonekana kama aliwahi kuugua na hapo unapoteza uwezo wa kujua ugonjwa uko wapi. Kwahiyo walichagua chanjo ya aina ya pekee, imetengenezwa kwa kirusi cha ndui ya ndege aina ya kanari kilichobebeshwa kipande tu cha kirusi cha mafua, na kwa kipimo sahihi unaweza kutofautisha aliyechanjwa na aliyeugua. Ila kwakuwa imebadilishwa vinasaba ikaangukia pia kwenye Sheria ya Teknolojia ya Jeni ya 2000, ikabidi waziri atumie kifungu cha dharura ambacho kilikuwa kimeongezwa mwaka huo huo wa 2007 na hakijawahi kutumika. Fikiria kile kifungu kisingekuwepo.

Kuchanja kukaanza mwishoni mwa Septemba. Haikuwa kila farasi. Walianza kwa kuchora duara kuzunguka maeneo ya ugonjwa ili moto ukose kuni, na farasi wa thamani na wa kazi maalum wakaongezwa. Kila aliyechanjwa lazima awekwe maikrochipu shingoni na namba yake iingie kwenye daftari, ili hata miaka ijayo mtu akimkuta na kinga ajue ilitoka wapi.

Sheria ilizuia farasi, je watu?

Hapa ndipo ilikuwa ngumu zaidi. Huwezi kumfungia fundi wa kwato ndani miezi minne. Lakini yeye ndo anaingia mazizi sita kwa siku na anashika kila farasi. Kirusi hiki kinakaa muda kwenye nguo, mikono, ndoo, lijamu, sakafu ya trela. Kwahiyo wakaguzi walikuwa na nguvu ya kukuamuru uoshe gari, uoge, ubadili nguo na viatu kabla ya kutoka, na wenye mazizi waliambiwa waweke beseni la dawa mlangoni. Mambo ya kawaida kabisa. Uchunguzi uliofanywa baadae kwenye mazizi yaliyougua na yale ambayo hayakuugua ulikuta kwamba pale palipokuwa na beseni la kukanyagia dawa hatari ya kuambukizwa ilikuwa ndogo. Beseni la plastiki na maji ya dawa!

Kingine, farasi akikohoa vile vitone vinapeperuka, majirani wa kilomita chache ndo walioambukizana zaidi, kwahiyo hata kumpeleka farasi kusalimiana na wa jirani kwenye fensi kulikatazwa.

Nikiwa kanda nyekundu naruhusiwa kumpanda farasi wangu?

Ndani ya shamba lako, akiwa mzima, ndio kwa kawaida. Barabarani au kwenye njia za umma hapana.

Mtu akivunja amri inakuaje?

Ni jinai. Faini kubwa na kifungo kinaweza kufuata, na polisi walikuwa wanasimamisha trela barabarani. Mimi naamini adhabu hizi zilikuwa za lazima lakini sio zilizofanya kazi kubwa. Nchi ile ni kubwa, njia za vumbi ni nyingi, askari hatoshi. Watu wengi walikaa kwasababu waliambiwa kila siku nini kinaendelea, na kwasababu waliona jirani nae amekaa.

Farasi wangu akikohoa na nikiripoti, si watanifunga mimi?

Wengi wanauliza hili kwa sauti ya chini, na nalijibu wazi. Kuripoti ni lazima kisheria, ukificha ndo kosa. Ukiripoti shamba lako linafungwa, ni kweli, linawekewa amri ya karantini na unakaa hivo mpaka wahakikishe kirusi kimeisha. Lakini farasi mmoja mmoja anatoa kirusi kwa siku 7 mpaka 10 hivi na baada ya hapo habaki nacho mwilini kisiri siri, hakuna mbebaji wa kudumu. Kwahiyo kifungo kina mwisho unaoonekana. Anaeficha ndo anaongeza siku za kila mtu.

Walichinja wagonjwa?

Hapana. Kwasababu hiyo hiyo, farasi anapona na kirusi kinaisha mwilini, ukimchinja umepata nini? Usichanganye na ugonjwa wa glanda, ule wa bakteria ambao farasi na punda anaweza kukaa nao muda mrefu na mtu pia anaupata na unaua, huo nchi nyingi sheria inasema mnyama aliyethibitika auliwe. Sheria nzuri inaangalia tabia ya ugonjwa, haina panga moja la kila shingo.

Binadamu anaambukizwa?

Kwa mafua haya ya farasi hapana, ila unayabeba kwenye nguo kama nilivosema. Queensland wana ugonjwa mwingine wa farasi unaitwa Hendra, uligunduliwa 1994 kwenye kitongoji cha Brisbane chenye jina hilo, huo unatoka kwa popo na unaua watu. Ndo maana veti wa kule akimuona farasi ana homa hamgusi hivi hivi.

Hasara nani alilipa?

Sheria za dharura kwa kawaida zinafidia mnyama aliyeuliwa kwa amri au mali iliyochomwa. Hapa hakuna aliyeuliwa kwa amri, kwahiyo mtu aliyekosa mshahara miezi mitatu kwa kifungu cha sheria hana chake. Ikabidi serikali kuu itengeneze mpango wa pembeni wa misaada, ruzuku za mishahara na pesa kwa wenye biashara za farasi. Na gharama ya kupambana na ugonjwa? Kulikuwa na mkataba wa 2002 kati ya serikali na sekta za mifugo wa kugawana gharama za dharura, ila sekta ya farasi ilikuwa haijausaini. Waliingia baadae, 2011, pamoja na sheria ya tozo ya magonjwa ya farasi, tozo ambayo kawaida iko sifuri mpaka siku janga likitokea.

Nalitilia mkazo hili kwasababu mtu anaejua kuna kitu cha kula wiki ijayo ndo anafunga geti lake kwa moyo. Ukimwambia tu funga, bila chochote, usiku atafungua.

Uliisha lini na walijuaje umeisha?

Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa Desemba 2007, yaani miezi minne tu toka wa kwanza. Kwa jumla farasi zaidi ya 70,000 kwenye mashamba zaidi ya 9,000 walikuwa wameugua. Kujua umeisha sio kusubiri tu kikohozi kinyamaze, walichukua vipimo vya damu na vya puani kutoka kwa farasi wengi sana maeneo yote, na kile kipimo cha kutofautisha chanjo na ugonjwa ndo kikafanya kazi hapo. Vizuizi viliondolewa hatua kwa hatua na kufikia katikati ya 2008 farasi walikuwa wanasafiri tena.

Sheria gani zilibadilika?

Ile tume ya Callinan ilitoa mapendekezo 38 na serikali ikayakubali yote. Wakaunda nafasi ya mkaguzi mkuu wa kuangalia uingizaji wa farasi tu. Masharti ya farasi wa kutoka nje yakakazwa, kukaa karantini kabla ya kuondoka na tena baada ya kufika, chanjo, na vipimo vya puani. Anaeingia kituoni kushika farasi anaoga na kubadili nguo kabla ya kutoka, anaandikishwa, basi. Baadae ile Sheria ya Karantini ya 1908 yenyewe ikastaafishwa, ikaja Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2015 iliyoanza kazi Juni 2016, na majimbo nayo yakatunga zao. Eastern Creek ilishafungwa, karantini ya farasi sasa iko kituo kipya cha Mickleham karibu na Melbourne.

Mbona Uingereza wana ugonjwa huu na hawafungi nchi?

Kwasababu kwao umekaa, ni mwenyeji, na farasi wa mbio wanachanjwa kwa lazima toka 1981. Februari 2019 ulipoonekana kwenye farasi waliochanjwa, mamlaka ya mbio yenyewe, sio serikali, ilisimamisha mbio siku sita wakapima wakaendelea. Nchi yenye ugonjwa inaishi nao, isiyonao inaufukuza. Ukichanganya hizo mbili utalaumu watu bure.

Na sisi huku, inatuhusu?

Inatuhusu kwa punda. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mafua haya haya ya H3N8 yalipita Afrika Magharibi, Niger, Nigeria, Senegal na kwingine, yakaua punda wengi sana. Punda wa mtu ni maji ya familia, ni mkaa, ni mahindi kwenda sokoni, akifa hakuna bima.

Sheria tunazo. Kenya kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inayosema mwenye mnyama anaeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuripotiwa amtenge na atoe taarifa, na inampa mkurugenzi wa huduma za mifugo nguvu ya kuweka karantini na kuzuia kusafirisha. Tanzania kuna ya 2003, namba 17. Na utekelezaji tunaujua, nani hajaona mnada umefungwa kwa ugonjwa wa miguu na midomo? Tatizo letu ni punda kutohesabiwa kama mifugo ya maana, ng'ombe ana kibali cha kusafiri ila punda anapita tu. Wakati biashara ya ngozi za punda ilipopamba moto, punda walikuwa wanavushwa usiku kwa njia za panya, wameibwa, wamechanganywa kutoka vijiji tofauti, hakuna karatasi wala aliyewapima. Biashara hiyo Umoja wa Afrika uliikataza Februari 2024 kwa miaka 15, watu waliangalia zaidi wizi na ukatili, na ni sawa, lakini lile lori la usiku lilikuwa pia ndo Maitland yetu.

Alafu usisahau huku tuna homa ya farasi ya Kiafrika, ile inayobebwa na vijidudu vinavyouma, vidogo kuliko mbu, na pundamilia wanakaa nayo bila kuugua. Hiyo haiambukizi kwa kikohozi, kwahiyo kufunga geti peke yake hakutoshi, unaingiza farasi bandani kabla jua halijazama.

Punda wangu anakohoa leo, nifanye nini?

Mtenge na wenzie, ndoo yake asishirikiane na mwingine. Usimpeleke kisimani wala sokoni wanapokutana punda wa watu. Usimbebeshe mzigo hata akionekana ana nafuu, mpe wiki kadhaa. Nawa mikono na uoshe viatu kabla hujaenda kwa jirani mwenye punda, na mwambie jirani huyo ukweli. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata, kama hashiki mtumie mtu. Na andika pembeni alienda wapi wiki iliyopita na alikutana na nani, hilo ndo swali la kwanza atakalokuuliza.